Miezi Mitatu ya Nywele

Mjukuu wangu wa kike alivaa viatu vile vile vyeusi vya shule kutoka Krismasi moja mpaka Krismasi nyingine, na bado mbele kulibaki nafasi ya kidole. Mimi nilikuwa najisifu. Tukitoka kanisani nawaambia wazee wenzangu, "Wa kwenu wanamaliza viatu kama mbuzi wanavyomaliza majani. Wa kwangu anatunza." Kumbe viatu havikuwa vinatunzwa. Mguu ndio haukuwa unakua.

Aliyeliona hilo ni mke wangu. Alimsimamisha karibu na mtoto wa jirani, wamezaliwa wiki moja, mama zao wakapikiwa mtori wa uzazi kwenye sufuria moja. Mwenzake alimzidi kichwa kizima.

"Huyu mtoto hakui," akaniambia.

"Sisi ni watu wafupi. Si unaniona mimi?"

"Wewe ulikuwa mrefu, mzee wangu. Umefupishwa na ubishi."

Akampeleka hospitali yeye na mkwe wetu, mama wa mtoto, siku ambayo mkwe hakwenda kwenye shamba la maua anakofanya kazi. Wakampima damu, choo, hata tezi ya shingoni. Hakuna kitu. Chakula anapata, maziwa yapo, maana ng'ombe tunaye na hajawahi kutuaibisha. Daktari akasema aendelee kuletwa apimwe urefu, na kwamba kuna watu wanafanya utafiti wa homoni na ukuaji wa watoto, watapita huku kwetu juu ya Kikatiti, tuwasikilize.

Neno homoni mimi nilikuwa nalijua la kuku. Kuku wa kisasa akinenepa kwa wiki chache tunasema amepewa homoni. Kwa hiyo nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji nimejiandaa kugomba: mjukuu wangu si kuku.

Aliyesimama kuzungumza alikuwa binti mdogo tu, ana sweta la kijani na sauti ya mwalimu wa Sunday school. Alisema mwilini kuna tezi, na tezi zinatuma ujumbe kwenye damu. Ujumbe mmoja unasema kua, na huo unatoka zaidi mtoto akiwa amelala vizuri. Mwingine unasema jihadhari. Kisha akasema jambo ambalo hata mimi wa darasa la nne nililishika. Mwili wa mtoto ni kama mkulima. Akisikia wezi wako mpakani, anaacha jembe anashika panga. Siku moja si kitu, kesho atalima. Lakini wezi wakija kila siku, shamba atalilima nani?

Akasema hawajui bado yote. Si kila mtoto mfupi ana hofu, na si kila mwenye hofu anadumaa. Ndiyo maana wanatafuta. Na wanatafuta kwenye nywele. Ile homoni ya wasiwasi inaacha alama ndani ya unywele unavyoota, na unywele unaota karibu sentimita moja kwa mwezi. Ukikata sentimita tatu hapa kisogoni, kifungu kama njiti ya kiberiti, umekata miezi mitatu ya maisha ya mtoto.

Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Angalieni meno yetu sisi wa mlima huu, yalivyo ya kahawia. Nikienda mjini Arusha nikatabasamu, mtu anajua nilikunywa maji gani nikiwa mtoto. Kama jino linaweza kuandika maji, unywele utashindwaje kuandika kelele?

Na kelele kwangu zilikuwepo. Niseme ukweli, maana nikificha hapa hadithi nzima haina maana. Baba wa mtoto ni mwanangu, tunakaa kiwanja kimoja, nyumba mbili zinatazamana. Alitaka kung'oa kahawa ya marehemu baba yangu apande maparachichi ya kuuza nje. Mimi nikasema atanizika kwanza chini ya mibuni hiyo. Basi kila jioni, kabla ugali haujaiva, tunaanza. Yeye anasema kahawa imezeeka, mimi nasema hata wewe utazeeka. Kigoda kimerushwa. Ndoo imepigwa teke. Nimewahi kumwita mwanangu jina ambalo kwa Kimeru hulitamki mbele ya ng'ombe. Jumapili asubuhi tunakwenda kuimba kwaya, yeye besi, mimi besi, tumesimama pamoja.

Watafiti walikuwa waje kwetu Alhamisi. Jumatano nikachukua wembe nikamnyoa mtoto upara.

Mke wangu aliponiuliza nikasema nywele za mtoto hazipewi wageni, mama yangu alikuwa anazizika kwenye shina la mgomba. Hiyo ni kweli, alizizika. Lakini haikuwa sababu. Nilijua zile nywele zimeandikwa nini, na sikutaka binti wa sweta la kijani azisome. Nikazizika mgombani kama mwizi anayefukia ngozi ya mbuzi.

Alhamisi akaja. "Shikamoo babu." "Marahaba." Akamtazama mtoto, akatazama kile kichwa kinang'aa kama kibuyu, akanitazama mimi.

"Babu," akasema, "umeninyoa mimi."

"Shule wanataka watoto wanyolewe," nikasema.

"Shule zimefungwa, babu."

Mke wangu aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Binti hakukasirika. Alisema anayekataa hakosi kitu, na anayekubali atasubiriwa. "Zitaota," akasema. "Na zitakazoota zitaandika miezi mitatu inayokuja. Hiyo iliyopita, Mungu anaijua." Mwanangu na mkwe wakatia sahihi karatasi ya kukubali. Babu hana mahali pa sahihi kwenye karatasi ile. Nilitafuta.

Jioni ile mwanangu akarudi na habari ya miche ya maparachichi inayouzwa Tengeru. Nikafungua mdomo. Mtoto alikuwa amekaa karibu na mafiga, moto unamulika upara wake, na mimi nikaona kabisa, kama mtu anavyoona mahindi yakichomoza, nywele zinaanza kutoka na kila moja ina sikio. Nikafunga mdomo.

"Unaumwa?" mke wangu akauliza.

"Moshi," nikasema.

Siku ya pili vile vile, siku ya tatu vile vile. Mtu asiyegombana ana muda mwingi wa kutazama, na ndipo nikaona viatu. Kila jioni mtoto alikuwa anaviweka mlangoni, vimepangwa, ncha zimeelekea nje. Si kiatu kimoja huku kingine kule kama watoto wote. Nje.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini unavigeuza viatu?"

"Ili mkianza nisichelewe."

"Usichelewe wapi?"

"Kwa kina mwenzangu." Akaonyesha kwa jirani. Alisema kwa upole, kama ananielekeza njia.

Nilitoka nikaenda kukaa na ng'ombe.

Kwetu mtu akikosa sana anachuma jani la isale, ule mmea wa mpakani, analifunga fundo, anampelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai, hata kama damu imemwagika. Lakini linatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, au kati ya walio sawa. Baba kumpelekea mwanawe sijawahi kusikia. Asubuhi nilichuma mawili, la kwanza nililifunga fundo vibaya nikalitupa. Mwanangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Akaliona mkononi mwangu, akaangusha panga.

"Baba, unataka kuniletea laana?"

"Pokea, mkono unachoka."

"Silipokei. Mimi ndiye nilikuwa nilete."

"Ungelileta lini? Nikiwa chini ya mibuni?"

Akalipokea kwa mikono miwili. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa namna hiyo. Tulikata majani ya ng'ombe mpaka yakazidi. Shamba la chini atapanda maparachichi, la juu kahawa ya baba itabaki. Jambo la nusu saa, na tulikuwa tumelipigia kelele miaka miwili.

Sitasema tulikuwa malaika. Ndani ya miezi ile nilifoka mara mbili, moja kwa sababu ya ndama aliyekula miche, na mara zote mbili nilikwenda kutazama kisogo cha mtoto kama kuna alama. Shule zilipofunguliwa mwalimu akataka anyolewe. Nikaenda mwenyewe na barua ya watafiti kuombea nywele, mimi mzee, nimevaa koti la kanisani. Mwalimu akasema, "Babu, leo ndiyo mara ya kwanza mzazi kuniletea barua ya nywele."

Mtoto alianza kulala mpaka jogoo wa pili. Mke wangu alikuwa wa kwanza kusema. Zamani mtoto alikuwa anaamka hata paka akipita.

Binti alirudi wakati wa masika, matope mpaka magotini. Akakata kifungu chake kidogo, akakifunga kwenye karatasi ya kung'aa, akatia kwenye bahasha.

"Sasa zinasemaje?" nikauliza.

"Haziniambii hapa, babu. Zinakwenda maabara. Na tunasoma za watoto wengi pamoja, hatutoi jibu la mmoja mmoja."

Nilihuzunika, sifichi. Miezi mitatu nimeumeza ulimi wangu, nikadhani nitapewa hata cheti. Alimpima urefu kwenye ubao wake. "Amesogea," akasema. Nikauliza ni kwa sababu tumenyamaza? Akasema hawezi kuapa hivyo, labda ni usingizi, labda wakati wake umefika, aendelee kwenda hospitali. Mkweli yule binti. Ningependa angedanganya kidogo.

Ikapita masika, ikaja baridi yetu ya mwezi wa saba, ukungu mpaka mlangoni. Asubuhi moja nikamkuta mtoto amekaa kwenye kizingiti analia, kiatu kimoja mguuni, kingine kimelala huko chini ya benchi alikokirusha jana.

"Nini, mama?"

"Kinabana."

"Kinabana wapi?"

"Mbele. Na nyuma. Kote, babu!"

Nikapiga kelele, ile kubwa niliyokuwa nimeifungia tangu mwezi wa kwanza. Mke wangu akatoka mbio na mwiko akidhani tumeanza tena. Nilipomwonyesha kidole gumba kilivyosukuma ngozi ya kiatu, akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza kwa ng'ambo ya migomba nani ameolewa.

Siku ya soko tukashuka wawili Kikatiti, yeye na kandambili za bibi yake. Muuza viatu akampima, akatoa pea nyeusi, akatoa na nyingine kubwa.

"Chukua hii kubwa, mzee. Atavaa hata miaka miwili."

"Hiyo weka," nikamwambia. "Nipe inayomtosha leo. Nataka imbane kabla ya Krismasi."