Matairi ya kijiji kizima yalivyoishia uani kwetu Songwa

Wakuu, mwangaluka. Shikamoo zenu nazipokea kabla hamjazitoa, maana kwa umri wangu sidhani kama humu kuna wa kunizidi.

Sitii chumvi. Shahidi yupo hai, nitamtaja.

Juzi nilipita mjini, mtaa wa Ngokolo, nikaona matairi chakavu nyuma ya gereji, yamejaa maji ya mvua. Moyo ukanipeleka mbali.

Miaka ya hamsini, kijijini kwetu Songwa. Malori ya mgodi wa almasi wa jirani yakichakaza matairi, watu wanayaokota. La kunyweshea kuku, la kukalia wageni. Ukiwa nayo mawili matatu uani, unaheshimika.

Baba yangu alikuwa fundi wa katambuga, vile viatu vya tairi. Baada ya mavuno, msimu wa ngoma, wachezaji walikuja hata kutoka Kishapu kupimwa. Mimi, binti wa miaka kumi na miwili, nilichora nyayo zao kwa mkaa. Harufu ya mpira uliokatwa naipenda mpaka leo, mnicheke tu.

Masika moja homa ikaingia kijijini. Akaja bwana afya, akachota maji ya kwenye tairi kwa bakuli jeupe, akatuonyesha vidudu vinavyochezacheza.

"Mnafuga mbu hapa. Matairi yote yafukiwe."

Kufukia? Msukuma afukie kitu ambacho bado kinavalika?

Watu waliitikia vizuri kabisa. Kisha kila mmoja akabeba matairi yake akayaleta kwetu.

"Baba Luhende, fundi ni wewe. Yatakufaa."

Nyua zao zikawa safi. Wetu ukawa na mlima. Baba akafurahi, akasema ng'ombe wake wamezaa. Mama alipolalamika, akaambiwa avumilie mpaka msimu wa ngoma.

Wiki ya pili Luhende, mdogo wangu wa miaka minne, akashikwa na homa. Siku ya tatu hata maji akayakataa.

Mama akamfunga mgongoni kumpeleka zahanati. Mlangoni akamgeukia baba:

"Nikirudi na mtoto, nisiyakute haya. Nikirudi bila mtoto, utabaki nayo peke yako."

Sijawahi kumwona baba akiwa mdogo kama siku ile.

Akaenda kupiga ngoma ya kuita watu shambani. Haikuwa saa ya kulima, wakaja mbio wakidhani ni msiba.

"Mliniletea, na mimi nikapokea kwa tamaa," akawaambia. "Sasa leteni visu. Kila mtu akate vya kwake na vya jamaa zake hadi wa Kishapu, avae, aondoke navyo."

Siku tatu, wakuu. Wanaume wanakata huku wakiimba nyimbo za kulimia, mimi nachora nyayo mpaka mkaa umeniishia. Hata bibi mmoja jirani, ambaye hakuwahi kuvaa kiatu maishani, alivaa akatamba uani. Nilicheka huku nalia, maana mama alikuwa bado hajarudi.

Mabaki yakafukiwa shimoni.

Msimu wa ngoma ulipofika, hakuja mteja hata mmoja. Nani anunue, na katambuga haziishi? Baba akashika jembe la pamba. Ufundi ule hakuurudia, na sikumsikia akijuta.

Somo langu: kuhamishia uchafu kwa jirani si usafi. Mbu hajui mpaka wa ua. Ukiwa na tairi uani, litoboe, likate, au liende linakotakiwa. Usilisogeze tu.

Shahidi niliyewaahidi ni Luhende. Mama alirudi naye siku ya tano, amekonda, anadai uji.

Mlangoni Luhende alikuta jozi ndogo ya katambuga. Baba aliikata ya mwisho, kabla hajajua kama mtoto atarudi. Na ilimpwaya sana, kwa sababu alikuwa ameikata ya mtoto wa miaka saba.

Wabeja, asanteni wakuu. Kwenu matairi yaliishia wapi? Semeni, bibi yenu anasoma.