Parkingi Iliyotutawanya

Kuna asubuhi moja inayonirudia kila nikikaa peke yangu hapa barazani Katuba, mwanangu. Ni enzi za Wabelgiji, mji ukiitwa Elisabethville. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nimeletwa kutoka kaskazini, sina ndugu wala mtoto. Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Akiondoka, sikumwona kwa majuma, na wakati huo alikuwa safarini. Tulikaa safu ya mwisho ya mtaa wa Waafrika, unapopakana na maduka ya Wazungu. Asubuhi hiyo nilifungua mlango nikakuta watu wa biro, ofisi ya mji, wanapigilia vijiti vyekundu mbele ya nyumba zetu.

Karani wao alitueleza bila kututazama. Ng'ambo ya barabara tajiri mmoja alikuwa anajenga magazini, duka kubwa la ghorofa. Kwa sheria ya mji, magazini kubwa namna ile haikuruhusiwa kufunguliwa bila parkingi, mahali pa motokari za wanunuzi kusimama. Wakubwa walikuwa wameshapachagua mahali hapo, napo palikuwa petu. Kila nyumba itapewa lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, kwingine. Mwenye neno aende biro kabla ya Jumamosi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Ramazani, fundi cherehani, Mwislamu wa asili ya Maniema, aliyefiwa na mkewe. Mimi ni Mkatoliki, lakini yeye ndiye aliyekuwa baba yangu mjini. Kila jioni nilimpelekea bukari, ugali wetu, naye akila aliniuliza habari za kwetu, akitaka majina ya mito na ya shangazi zangu. Hapakuwa na mwingine aliyeniuliza.

Siku ile alipita mlango kwa mlango, nami nikafuatana naye.

"Motokari zitakuya tu, hatuwezi kukataza," aliwaambia. "Lakini tuende wote ku biro, tuombe batupeleke fasi moja, tukae pamoja."

Walimsikiliza kwa heshima, wakampa kiti. Mmoja alisema shemeji yake anajuana na karani. Mwingine alitaka lupango la karibu na soko. Mama Kalonda, niliyekuwa nikichota naye maji, alinivuta pembeni. "Veronika, usiniwazie mubaya," akaninong'oneza. "Bwana yangu alishaenda. Balitupa lupango muzuri, karibu na bandugu yake."

Ijumaa tukaenda wawili tu. Mzungu wa biro hakuwa mkali. Alisema avenyu moja, barabara mpya ya Katuba, ilikuwa haijagawiwa, na kama safu nzima ingekuja na ombi moja, ingetutosha. Sasa wengi walikuwa wameshachukua huku na huko. Mimi akaniandikia Katuba. Mzee akaomba awekwe karibu nami. Akajibiwa kwamba nyumba za pale ni za wenye familia, mtu asiye na mke aende Ruashi, upande mwingine wa mji.

Tulipotoka, Mzee Ramazani alinigeukia barabarani. "Kila muntu alikuya kuomba nyumba," akasema. "Hakuna mwenye aliomba jirani."

Nyumba yangu mpya ilikuwa bora kuliko ya kwanza, sitakuficha. Nilifagia uwanja usiokuwa na wa kuuchafua. Nilikula nikitazama ukuta. Kuna siku nilitamka jina langu mwenyewe kwa sauti, nisikie tu likiitwa. Na nikienda mjini niliiona parkingi, imepigwa mistari ya chokaa, motokari chache zinaota jua mahali kitanda changu kilipokuwa.

Jumapili moja baada ya misa nilitembea hadi Ruashi. Nilimkuta mzee amekonda, kakaa mbele ya cherehani isiyo na kitambaa. Nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikanyamaza mwenyewe.

"Unalia huku Ruashi," akasema. "Kule Katuba ulishapiga hodi kwa nani?"

Nikamwambia wale watu siwajui.

"Na bo habakujue. Nani ataanza? Miye miguu ilikatala, niko naangalia mulango wa jirani tu. Weye uko na miguu."

Nilirudi nimeudhika, lakini kesho yake nilibisha hodi nyumba ya mbele. Alinifungulia mwanamke wa Kasai, Kiswahili chake haba. Tulikaa tukikosa la kusema. Kesho yake akaja yeye. Haikuwa kamwe kama mimi na mzee, ila mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mikononi mwake.

Mzee Ramazani alifariki wakati wa mvua. Habari zilinifikia ameshazikwa, maana kule Ruashi hapakuwa na aliyejua kwamba ana binti Katuba. Ndiyo maana mara nyingine unanikuta kimya, ukaniuliza kama naumwa.

Sasa nasikia mtaani kwenu kunajengwa maduka, mmeitwa kuzungumzia parkingi, nawe umeniambia utaonana na mkubwa pembeni, umalize yako. Usifanye hivyo, mwanangu. Kabla hujajiombea chochote, zunguka, ujue wenzako wanaogopa nini, kisha nendeni pamoja. Wakikataa, nenda na huyo mmoja atakayekubali. Na hata ukishindwa ukahamishwa, usikae ndani kungoja kubishiwa hodi, anza wewe.

Mungu akutangulie kwenye mkutano huo. Akupe nyumba, na pembeni yake akupe watu. Na siku utakapoumwa, wa kwanza kujua awe mtu wa mlango wa pili.