Silanga ya Mbumbuni Ilimfuata Hadi Olimpiki

Mjomba wangu Nzomo aliogopa maji maisha yake yote, na ni maji hayo hayo yaliyompeleka Ulaya. Ukitaka kucheka, cheka. Mama yangu, dada yake, humcheka mpaka leo.

Silanga ya kwao Mbumbuni, bwawa la kukinga maji ya mvua, ilichimbwa na mwethya, majirani waliokusanyika na majembe yao bila malipo. Maji yake ni mekundu, huoni chini, kwa hiyo waliweka sheria moja: aliyeingia akitoka hupaza sauti, "Nimetoka!" Ndipo mwingine huingia. Nzomo akiwa bado mtoto, kaka yake Ndeti aliingia kumwokoa ndama. Nzomo hakungoja neno. Aliruka nyuma yake, akakwama matopeni, na Ndeti akarudi kumsukuma juu. Watu walimvuta Nzomo akiwa hai. Ndeti walimpata jioni.

Mtu mwenye akili zake angekaa mbali na maji. Yeye alirudi kule kule kujifunza kuogelea, meno yakigongana, ili asije akahitaji kusukumwa tena na mtu. Aliogelea kama anayefukuzwa. Alipoajiriwa polisi mwishoni mwa miaka ya sitini, wakubwa walimwona bwawani Nairobi, wakamtia katika timu ya taifa ya mtindo huru, wanaume wanne wa kupokezana. Aliyemtangulia alikuwa Jabiri, kijana wa Kitui mjini ambaye babu zake walitoka pwani.

Hapo ndipo balaa ilipoanza. Katika mbio hizo mwenzako akigusa ukuta tu, unaruka. Nzomo alikuwa anangoja Jabiri atoe kichwa, apumue, ashike ukingo.

"Unangoja nini wewe?" kocha alifoka. "Mkono ukigusa, ruka! Ukingoja hivyo huko Olimpiki, nyinyi wote mmeenda kutembea tu!"

Angemwambia nini kocha? Alimweleza Jabiri peke yake, nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, na Jabiri hakumcheka.

"Basi nikigusa nitaita, nimetoka," Jabiri alisema. "Hata kama bado niko ndani. Wewe ukisikia hivyo, ruka."

Uongo huo mdogo ulifanya kazi. Kila walipofanya mazoezi Jabiri aliita, na Nzomo aliruka kwa wakati. Lakini mjomba aliniambia kwamba usiku wa kuamkia mashindano hakula kitu.

Siku ya Olimpiki jukwaa lilifurika watu. Nzomo alisimama juu ya kijukwaa chake. Alimwona Jabiri akija, mikono imeanza kulegea kwa uchovu. Jabiri akagusa. Mdomo wake ulifunguka, lakini makelele ya watu yalimeza sauti yote. Neno halikufika.

Nzomo akaruka.

Hakuogelea kwa ajili ya medali. Aliogelea ili arudi mahali alipomwacha mtu. Kila alipogeuza kichwa kuvuta pumzi aliona maji mekundu, na bwawa lenyewe lilikuwa safi mpaka unaona vigae vya chini. Alipogeuka upande wa pili na kuanza kurudi, aliogopa kwamba pale ukutani mkono wake ungegusa kitu laini.

Mkono uligusa ukuta. Saa ilionyesha kasi ambayo hakuwahi kuifikia tangu azaliwe. Walikosa fainali kwa nafasi moja, na bado kocha alikuwa anarukaruka kama mtoto. Nzomo hakuitazama saa. Alipapasa juu ya ukingo mpaka akapata mguu wa Jabiri, akaushika kwa nguvu zilizobaki.

"Umetoka?"

"Nimetoka, kaka," Jabiri alisema, akihema. "Nimetoka kitambo. Sasa toka na wewe."

Mjomba alilia humo humo majini, mbele ya watu wote wale. Tangu siku ya Ndeti, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia atoke.