Vichupa Viwili vya Damu ya Ndege

Kiboko aliibuka upande wangu wa mtumbwi, karibu mno, hata nikahisi joto la pumzi yake mkononi. Mzee aliyekuwa akiniongoza hakupiga kelele. Alisukuma upondo kwa nguvu, mtumbwi ukajichomeka kwenye mafunjo, na kisanduku changu cha vichupa kikaangukia topeni na kufunguka.

Wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya pili. Kazi yangu ilikuwa kutega nyavu nyembamba kwenye vinamasi vya ziwa, kunasa ndege wadogo wa kahawia wanaoimba humo, kuwatoa tone moja la damu kwenye mshipa wa bawa, kisha kuwaachia. Ndege hao wanafanana kiasi kwamba hata mtaalamu akiwa nao mkononi hubabaika. Ndiyo maana tulichukua damu. Chembe za urithi zilizomo zikisomwa maabara, unajua nani ndugu wa nani, na ukoo upi uliachana na mwingine zamani.

Siku hiyo asubuhi nilikuwa nimenasa ndege mmoja tu kwenye kinamasi cha Ilemela, si mbali na Kiseke nilikopanga chumba. Mchana nikaenda upande wa Misungwi, kwa huyo mzee, nikapata sita. Ndipo kiboko akatujia.

Alipozama na kwenda zake, niliokota vichupa. Vyote saba vilikuwepo, ila kwenye viwili wino ulikuwa umeyeyuka. Kimoja kilikuwa cha Ilemela, kingine cha Misungwi. Nilivigeuzageuza, nikajiambia nakumbuka kipi ni kipi, nikaviandika upya. Sikumwambia mtu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja msimamizi wangu akaniita ofisini. Kwenye kompyuta alikuwa amefungua mchoro wa ukoo wa ndege wetu, umechanua kama mti uliolazwa.

"Tazama huyu wa Misungwi," alisema, sauti yake imechangamka. "Wenzake wote wamekaa pamoja. Yeye yuko tawi lake, mbali kabisa. Huyu anaweza kuwa spishi nyingine! Wiki ijayo nitawaeleza wenzetu kwenye mkutano."

Nilisoma namba ya kichupa. Kilikuwa kimoja kati ya vile viwili.

"Mbona hufurahi?" akaniuliza.

"Nimefurahi, Profesa."

Siku tatu sikuweza kula. Nilikuwa nikiona jinsi watakavyonifukuza, na jinsi nitakavyorudi Mkolani kwa mama, ambaye alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba bintiye anasomea ndege. Nikawaza kunyamaza. Nani angejua? Kisha nikawaza watu wakienda Misungwi mwaka baada ya mwaka, wakimtafuta ndege ambaye pengine hakuwahi kuwa huko. Siku ya nne nikagonga mlango wa ofisi na kusema yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitalia.

Alivua miwani, akaivaa tena.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Niliogopa."

"Na mimi ningesimama mbele za watu na uongo huo." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Rudi kote kuwili. Chukua damu upya. Mpaka hapo sitasema neno kwa mtu."

Kwa hiyo nikarudi Misungwi. Mzee nilimkuta akikausha dagaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi? Yule bado yupo. Na sasa amezaa."

Kila mtu wa ziwani anajua kiboko mwenye mtoto ni kifo kinachotembea. Niliomba tusiende mbali. Tulitega nyavu ukingoni, mahali ambapo mzee aliweza kugusa nchi kavu kwa upondo. Kila funjo lililotikisika liliurusha moyo wangu. Nikiwa na ndege wa tatu kiganjani, tukasikia mkoromo, mzito, usiojulikana unakotoka. Mzee akaniwekea mkono begani.

"Usipumue kwa nguvu," alinong'ona.

Ndege alikuwa akinidunda kiganjani, moyo wake ukienda mbio kuliko wangu. Tulikaa hivyo hadi mkoromo ulipohamia mbali. Nikamtoa damu, nikaandika kwa penseli, kila herufi peke yake, nikairudia kuisoma kwa sauti. Mzee hakucheka.

Ilemela hakukuwa na kiboko. Nilipata ndege watatu kwa siku mbili, huku malori yakimwaga kifusi upande wa pili wa mafunjo. Mtu alikuwa akijaza kinamasi ili apime viwanja.

Majibu ya maabara yalipokuja, msimamizi aliniita tena. Ndege wote wa Misungwi walikaa na wenzao wa kawaida. Wale watatu wa Ilemela walikaa pamoja, kwenye lile tawi la mbali.

"Ulibadilisha majina ya vichupa," alisema.

"Ndiyo, Profesa."

"Lakini ndege yupo. Tulikuwa tunamtafuta pasipo pake, basi." Akaguna. "Kama ni spishi au siyo, bado. Tunahitaji damu zaidi, na nyimbo zao, na vipimo."

Nilipomweleza habari za malori, alipeleka barua kwa wahusika akiomba kifusi kisimamishwe kwanza. Mimi nilikwenda Ilemela kesho yake alfajiri na nyavu zangu. Malori mawili yalikuwa tayari yamepanga foleni, injini zikiunguruma, na dereva mmoja akaniuliza kwa upole natafuta nini kwenye matope yale. Nilimweleza. Akatazama mafunjo, akatazama mzigo wake, akasema yeye ameambiwa amwage tu. Nikashuka majini haraka, na ndege walikuwa wakiimba.