Nailoni Juu ya Kioo

Wiki jana, nikihamisha vitu kwenda Riruta, nilikutana na ile simu ya mama chini ya sanduku. Ya kugusa, katika zile za kwanza kwanza kufika kwetu Kianda. Niliishika tu, hasira ikanipanda upya, mtu mzima mimi.

Ngoja niitendee haki kwanza. Spika yake ilisikika hadi ploti ya jirani. Ilianguka kwenye simiti mara nyingi na haikupasuka. Na kinasa sauti chake! Ukimrekodi mtu, ulimsikia hata akivuta pumzi. Lakini kule kugusa kwenyewe, jamani. Ukibonyeza kwa kidole, haisikii. Ukibonyeza kwa ukucha, inampigia mchungaji badala ya baba. Chaji nayo haikufika jioni.

Lawama nyingine ni zetu. Nyumbani kila kitu kilivikwa: viti vitambaa, redio kitambaa, rimoti karatasi ya plastiki. Kwa hiyo ile nailoni iliyokuja juu ya kioo haikubanduliwa. "Ukiitoa utanijua," mama alinionya. "Kitunze kidumu." Mafuta ya chapati na vumbi vikajipenyeza chini yake mwaka mzima.

Nyanya alipokuja kututembelea kutoka Magharibi, asubuhi ya kuondoka kwake nilimrekodi akituombea. Alitutaja mmoja mmoja. Alipofika kwangu akacheka katikati ya maombi. Hakurudi tena. Tulimzika msimu wa kupanda mahindi. Tangu hapo, kila Jumapili tukitoka kanisani, mama aliiweka sauti ile, nasi tukaisikiliza tukinywa chai.

Siku moja kioo kikagoma kabisa. Mama akanituma kwa fundi wa simu, kituo cha Kawangware 56.

"Hii ni software," fundi alisema, hata hajaiangalia vizuri. "Naiflash, nafuta yote naweka upya. Kuna kitu ya maana ndani?"

"Hakuna," nilijibu haraka. Mama alikuwa amebaki na memori kadi nyumbani, nami niliamini nyanya yuko humo. Hakuwemo. Alikuwa ndani ya simu yenyewe, na fundi akamfuta pamoja na kila kitu.

Alipomaliza, kioo kilikuwa bado kimegoma. Ndipo akaingiza ukucha pembeni, akaibandua nailoni. Simu ikaitika kila alipogusa.

"Kumbe ni hii karatasi tu," akasema, akacheka. Nilitamani kumtupia ile simu usoni.

Mama hakunichapa. Afadhali angenichapa. Jumapili alimimina chai, akaniambia, "Wewe ndiye ulimrekodi. Omba vile aliomba." Maneno nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio wake. Niliyasema hadi mwisho, mama akaangalia dirishani.

Siku hizi simu yangu huhifadhi kila kitu yenyewe, hata picha nilizopiga kwa makosa. Juzi mama, ambaye sasa uzee unamwingia, aliniuliza kama nyanya alikuwa na sauti nene au nyembamba. Nilirudia maombi yale moyoni, neno kwa neno, nikamwambia sikumbuki.