Mkwe Mwenye Ngozi za Kondoo

Harufu ndiyo iliyomtangulia mkwe. Francine alikuwa hajavuka mlango wa ukumbi wa Kings Heath, mjini Birmingham, Uingereza, mafuta ya kondoo yakampanda puani, akaziba pua kwa ncha ya kitenge. Ndani, kijana anayetaka kumwoa binti yake Valérie alisimama kiuno kimezungushwa ngozi zenye manyoya yaliyogandana, kofia ndefu iliyochongoka kichwani, usinga wa mkia wa farasi mkononi. Eti ngoma!

"Yesu wangu! Valérie, njo huyu unataka?"

"Mama, please. It's their carnival."

Eneko alizaliwa kijiji cha wafugaji katika milima ya Wabaski, kule Hispania. Kwao, mwishoni mwa Januari, wanaume huvaa hivyo, wakafungwa kengele mbili kubwa nyuma ya kiuno, wakatembea kwa mdundo mmoja kijiji hadi kijiji ili kuiamsha ardhi. Mwaka huu Wabaski wa Birmingham waliamua kuiamsha barabara ya Kings Heath, sijui nani aliwaambia imelala. Francine, mama wa kanisa, aliona mashetani matupu. Alikuja na neno moja tu: mahari, ile dot ya Wakongo, haitapokelewa nyumbani kwake.

Mchezaji hajifungi mwenyewe. Lazima mtu wa nyumbani kwake avute kamba. Ikilegea, kengele hupiga ovyo na safu nzima huaibika. Baba yake Eneko, aliyemfunga miaka yote, alikuwa kwao kijijini, amepasuliwa goti. Eneko akamgeuzia Francine mgongo, akamnyooshea kamba.

"Mama, tafadhali," akasema, kwa Kiswahili alichofundishwa na Valérie.

Mtu wa nyumbani! Francine aliitazama kamba kwa kinyaa. Kisha akili ikamjia: afunge legelege, kengele zidondoke mbele ya watu, aibu imalize uchumba. Akapitisha kamba. Manyoya yenye utelezi yalimgusa vidole.

Lakini mikono ile ilibeba magunia bandarini Bukavu miaka mingi, na haikuwahi kufunga mzigo ukalegea. Iliendelea yenyewe. Akaweka goti mgongoni mwa kijana, akavuta, akavuta tena, mpaka Eneko akaguna na uso ukamwiva.

Nje, kengele zake zilipiga pamoja na za wenzake bila kukosea, na abiria wa basi wakachungulia. Francine alinusa viganja vyake, akatema mate pembeni.

"Umuambie kwanza aoge," alimwambia binti yake. "Aoge vizuri, na sabuni. Akisha kuoga, akuje tuongee maneno ya dot."