Karani na Fomu ya Kulazwa Bila Hiari

Karani wa mapokezi katika hospitali ya magonjwa ya akili husoma kila fomu kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikimchezacheza kama anayeonja chumvi. Fomu ya kumlaza mtu bila hiari yake huisoma mara mbili. Hutafuta ombi la ndugu, sahihi za madaktari wawili, na maelezo ya hatari aliyonayo mgonjwa kwake mwenyewe au kwa wengine. Pakiwa na pengo hata moja huirudisha, na hata aje waziri hatikisiki.

Asubuhi moja wanaume wawili walimleta baba yao, mzee mjane aliyevaa suti iliyopigwa pasi ikanyooka. Penye maelezo ya hatari, yule mkubwa alikuwa ameandika: "Anataka kuoa."

"Amemtishia nani?" karani akauliza.

"Ana miaka sabini na sita, dada!"

"Sijauliza umri." Akamgeukia mzee. "Shikamoo, baba. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Tangu watoke nyumbani hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Marahaba, mwanangu. Mimi nalala vizuri tu. Wanaokosa usingizi ni hawa."

Karani akauma mdomo asicheke. Akaipiga fomu mstari kutoka juu hadi chini, akaandika pembeni: "Kuoa si hatari." Kisha akanyanyuka, jambo asilomfanyia mtu, akamfungulia mzee mlango.

Mzee akafunga kifungo cha koti, akawatazama wanawe. "Haya, twendeni. Mama yenu mpya hapendi kusubirishwa."